Kisembele na Ukoo Wake

Harufu ya kitenge kipya, ile ya wanga ambao haujaonja maji, bado hunirudisha Tunduma, kwenye chumba tulichokunjia bidhaa za mama. Ni miaka ile biashara ilipofunguka na kila mtu akawa mchuuzi. Mimi na dada yangu Edina tulikunja huku tukisema Kisembele, lugha tuliyoitunga wenyewe.

Lugha haikosi ukoo, nasi tukaipa. Kinyiha cha mama na Kinamwanga cha baba vilikuwa shangazi zake, Kibemba mjomba wa ng'ambo, na Kiswahili shemeji tu, aliyekuja juzi akajifanya mwenye nyumba. Ilikuwa hata na pacha wake, aliyekufa kwa surua huko Msangano. Tulimlilia vizuri sana.

Mama alikaa mlangoni akishona pindo, akilalamika kwamba tunampigia kelele.

Tulikuwa na la kuficha. Baba alikuwa amehamia Nakonde, upande wa Zambia, kwa mke mwingine, nasi tulitaka kumwona. Kuvuka mpaka hakukuwa kazi. Watoto wenzetu walivuka kununua sukari. Lakini kila tulipopanga, mama alizuka na shughuli. Tukisema Jumamosi, Jumamosi hiyo tunapelekwa kijiji cha Ruanda kwa bibi kuchuma kahawa. Tukisema baada ya shule, tunamkuta nje ya shule na kapu lake.

Nikaanza kumshuku Edina. Kisembele kilikuwa na wasemaji wawili, na mmoja nilikuwa mimi. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimchunguza akila, nikamchunguza akicheka na mama. Kumbe naye alinichunguza. Siku moja akaniuliza, "Mama huwa anakupa nini ukimwambia?"

Nilimzaba kofi. Kisembele hatukukisema tena, na kwa miaka hatukuambiana lolote la maana.

Nikiwa kidato cha pili, habari ikaja kwamba baba amefariki. Mama aliingia chumbani, akasimama kati yetu.

"Losa temba," akasema, "tukeshi babwe."

Vaeni viatu, twendeni kwa baba. Hata lafudhi hakukosea.

Tukavaa. Mwanamke aliyejifunza Kibemba kwa kuwasikiliza wateja asingeshindwa na lugha ya wasichana wawili. Leo nami ni mama, naijua hofu ya kuachwa na watoto, na karibu nimsamehe. Lakini angetukataza waziwazi, tungemchukia yeye. Alinyamaza, tukachukiana sisi, na baba tukamkuta jenezani.