Hapo Tu

Kwetu mtu akikuuliza unakwenda wapi, anakusalimu tu. Unamjibu, "Nafika hapo mara moja," naye anaridhika, hata kama hapo penyewe ni Mtwara, safari ya basi. Kunyamaza ndiko kukosa adabu.

Basi nilipofungua kivinjari kwenye simu mpya nitafute mitindo ya magauni, kikaniuliza kama nakiruhusu kijue mahali nilipo, nikabonyeza "Ruhusu". Nimelelewa mtaa wa Mtanda mie. Anayeuliza lazima ajibiwe. Sikujua kuwa huyu ukimjibu mara moja anakufuata mpaka chooni.

Simu alininunulia kaka yangu, niliyerudi kuishi kwake baada ya talaka. Aliifungua kwa barua pepe yake mwenyewe, nami nikashukuru kwa moyo wote. Wakati huo nilikuwa nakwenda Mingoyo kimyakimya kuangalia chumba, nihamie na cherehani yangu. Kaka alishasema mwanamke aliyeachika hapangi peke yake.

Jioni moja nikamwamkia.

"Marahaba. Mingoyo unafuata nini?"

"Nilifika hapo tu, kaka."

Akanigeuzia simu yake. Kwenye ramani, mstari wa buluu ulitoka mlangoni kwetu ukaenda kukoma njia panda ya Mingoyo, na chini yake maneno niliyotafuta: vyumba vya kupanga. Kumbe kwa ile barua pepe yake, kila nilikokwenda na kila nilichotafuta kilimfikia yeye.

"Mwanamume gani huyo?"

"Hakuna mwanamume. Kuna chumba."

Hakuamini. Kesho yake akamfuata mwenye nyumba, na chumba nikanyimwa. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Mtu mzima nimezaa, nimezika, leo nachungwa kama mbuzi!

Nikaitafuta ile ruhusa niifute. Halafu nikaghairi. Kila nilipotoka kutafuta chumba kingine, simu niliiacha mezani, imejaa chaji, imshuhudie kaka kwamba nipo nyumbani. Vyumba niliulizia kwa mdomo, kwa wanawake wenzangu sokoni, na kwa mdomo nikapata.

Siku ya kuhama cherehani ilitangulia kwa bajaji. Kaka alisimama mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

Safari hii hakuwa ananisalimu. Nikamwekea mkononi ile simu yake aliyoninunulia.

"Nafika hapo mara moja, kaka."

Sasa nashona kwangu, na mlango naufunga kwa ufunguo wangu. Wateja wangu wanapafahamu. Nawe msomaji ukiniuliza ni wapi, nitakujibu kwa adabu zote nilizofunzwa: hapo tu.