Wazee wa Benchi Moja na Ardhi ya Wengine

Jumatatu nilikaa kwenye benchi la baraza la ardhi la kata, huku Buhongwa, nikisubiri kuitwa. Wazee wawili pembeni yangu walikuwa wanabishania ardhi ya Wayahudi na Waarabu.

“Babu za Wayahudi walikuwa pale kabla ya wote,” alisema mwenye kofia, akigonga sakafu kwa fimbo. “Ardhi ni ya aliyetangulia.”

“Babu amekufa, bwana!” alijibu mwenye koti. “Ardhi ni ya anayeilima.”

Wakaitwa. Wakainuka wote wawili. Kumbe ni majirani, na kesi yao ni moja: mpaka wa minyaa kati ya mashamba yao. Mlango ulibaki wazi.

“Nimelima pale miaka ishirini,” nikamsikia mwenye kofia. “Habari za babu yake mimi sizijui.”

“Minyaa ile aliipanda babu yangu,” akasema mwenye koti, “na kaburi lake liko pale pale.”

Nilitaka kucheka, nikakumbuka kilichonileta: mpaka wa kiwanja changu na cha jirani yangu. Nyumbani nilikuwa nimejiandaa na hoja ya babu. Nilipoitwa, nilimwachia jirani yangu aanze kusema, nisikie atashika hoja ipi, ili mimi nishike iliyobaki.