Wimbo Niliomchagulia Susu

Aibu za watu wengine hushuhudiwa na majirani watatu, mwenyewe akahama mtaa, mambo yakaisha, lakini yangu ilisomwa redioni Jumapili mchana, wakati Nairobi nzima imekaa ikisubiri chakula kiive, na jina langu likatajwa mara mbili ili hata aliyekuwa msalani asikose. Nimeinyamazia miaka mingi. Ninaisimulia leo kwa sababu nikinyamaza huisimulia wengine, nao huitia chumvi, ilhali haijawahi kuhitaji chumvi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada yangu ya Kiswahili, nikifundisha shule moja ya upili, nikipanga chumba kimoja Jericho, na chumbani humo mali yangu ya maana ilikuwa redio ya kaseti na katoni mbili za kanda. Wakati huo hatukuwa na utitiri wa stesheni kama sasa. Mkisikiliza, mnasikiliza kitu kimoja, na kipindi kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa cha salamu. Unanunua kadi dukani, unaandika jina lako na la utani (langu, Mungu anisamehe, lilikuwa Profesa wa Ngoma), unaorodhesha unaowasalimu, unaweka ujumbe mfupi, unachagua wimbo, unapeleka posta, halafu unasubiri mtangazaji akusome. Jericho tulikuwa na kikundi cha wapenzi wa salamu, tukikutana kila Jumamosi kubishania nyimbo, na ubishi huo mara nyingi niliuanzisha mimi.

Maana nilikuwa na ugonjwa wa kupendekeza. Ukiniambia kichwa kinakuuma, nakutajia mpiga gitaa. Ukifiwa, nakuletea kanda. Na sikupendekeza tu, nilitafsiri pia: nyimbo za Kikongo, za Kijaluo, za Kikamba, zote nilizieleza maana huku nimefumba macho kidogo kama mtu anayeonja mchuzi, ingawa lugha nilizozijua hasa zilikuwa Kibukusu cha nyumbani, Kiswahili na Kiingereza. Nilichofanya ni kusikiliza sauti ya mwimbaji na kukisia. Akilia, nasema ni mapenzi. Akicheka, nasema ni mapenzi yaliyofaulu. Wenzangu waliniamini (au walichoka kubishana, sijui).

Aliyeniamini kwa bahati mbaya ni Mwikali, mwalimu mwenzangu wa hesabu, binti wa Mzee Nzioka, karani wa serikali aliyeishi Buruburu. Nilikuwa nimemwambia Mwikali kwamba nyimbo za kwao nazielewa "vizuri tu". Tulitaka kuoana. Wazee wangu walikuwa tayari kutoka Bungoma mwezi uliofuata waje kubisha hodi rasmi, ila Mzee Nzioka alikuwa hajakubali wala kukataa. Alichosema ni kwamba bado ananiangalia. Basi kila Jumapili nikawa naenda kwake kwa chakula cha mchana, kuangaliwa.

Wakati huo alikuja nyumbani kwake bibi yake Mwikali, mama mzaa mama, kutoka Kitui. Sote tulimwita Susu, yaani bibi kwa Kikamba. Macho yake mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, na kwa miaka miwili walikuwa wamemsihi aje Nairobi atibiwe, naye akikataa, akiuliza atakaaje kwa mkwe wake. Kwa Wakamba hilo si swali dogo. Mama mkwe na mume wa binti yake hustahiana: hawakai chumba kimoja, hawaangaliani usoni, hawasemeshani. (Hata kwetu Bungoma tuna mambo hayo, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua.) Mzee Nzioka alikuwa akifika mlangoni anakohoa kwanza, Susu anasikia, anaingia chumba cha wasichana, ndipo Mzee anaingia. Chakula Susu alipelekewa humo humo. Waliishi hivyo kwa heshima kubwa, katika nyumba ambayo ukipiga chafya jikoni unaombewa afya sebuleni.

Nikaona hapa ndipo pa kumfurahisha Mzee, mkewe, Mwikali na Susu kwa mpigo mmoja: nimtumie Susu salamu redioni, na wimbo wa Kikamba.

Wimbo nilikuwa nao tayari kichwani. Niliusikia Kariokor, kwa fundi mmoja Mkamba aliyekuwa akinishonea viatu vya akala, wa mwimbaji ambaye jina lake mpaka leo siwezi kulitamka bila masikio kuniwaka moto. Magitaa yalikuwa yakikimbizana vizuri ajabu, na neno moja lilikuwa likirudi na kurudi, mwaitu, mwaitu, ambalo nililijua: mama yangu. Nikamwuliza fundi wimbo unasema nini.

"Mwalimu, huyu jamaa anamwimbia mama mkwe wake," akasema. "Si amekuja kukaa kwake." Kisha akacheka mpaka nyundo ikamponyoka. Nikadhani ni kicheko cha mtu aliyeguswa na wema.

Sasa ninyi mliosoma sarufi nisaidieni. Kumwimbia mtu ni nini? Nilifundishwa kauli ya kutendea mihula miwili mizima, nikaifundisha mwenyewe kwa mifano ubaoni, kwamba unaweza kumtendea mtu jambo kwa faida yake na unaweza kumtendea kwa hasara yake. Unaweza kumpikia na unaweza kumtemea. Nimewasahihishia watoto wa watu jambo hilo kwa kalamu nyekundu. Lakini siku ile pale Kariokor niliposikia "anamwimbia", nilisikia sifa tu. Ningeweza kumwuliza Mwikali, jambo la dakika moja. Sikumwuliza kwa sababu nilitaka iwe siri ya kumfurahisha, na kwa sababu (hii ndiyo sababu yenyewe) kumwuliza kungekuwa kukiri kwamba sijui.

Nikaijaza kadi kwa mwandiko wangu mzuri: salamu zimfikie mama mkwe wa Bwana Nzioka wa Buruburu, aliyetoka Kitui kuja kutibiwa macho. Ujumbe: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wimbo ni ule.

Jumapili mbili zikapita kadi haijasomwa. Jumapili ya tatu nilikwenda Buruburu nikamkuta Susu amefanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza siku tatu nyuma, amefungwa bandeji, amelala chumbani. Sebuleni tulikuwa Mzee, mama yake Mwikali, Mwikali na mimi. Nikaomba redio iongezwe sauti ili na Susu asikie. Niliiongeza mwenyewe.

Mtangazaji akaanza kusoma. Jina langu, jina langu la utani, shule yangu, Bwana Nzioka, Buruburu, Kitui, macho. Mama yake Mwikali akaweka sinia chini akatabasamu, na Mwikali akanitazama kwa namna ambayo hajanitazama tena tangu siku hiyo. Kisha mtangazaji akaona jina la wimbo, akacheka kicheko kile cha puani, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na siku ya tatu, Profesa, ampe jembe?" Nami nikacheka pamoja naye, kwa sauti.

Wimbo ulipoanza, Mzee Nzioka aliacha kutafuna.

"Mwalimu, wimbo huu umeuchagua wewe?"

"Mimi mwenyewe, Mzee."

"Na unajua unasema nini?"

Hapo ndipo mlango wa kutokea ulipokuwa, wazi kabisa. Badala ya kupita nikaanza kuwatafsiria. Wakamba watatu wamekaa mbele yangu, na mimi Mbukusu nawafafanulia Kikamba. Nikawaambia hapa anamshukuru mama kwa kumlelea mke mwema. Nikawaambia hapa anamwambia nyumba hii ni yako. Magitaa yakatoa mlio mmoja mrefu wa juu, nikasema hapo yanaiga vigelegele. Mama yake Mwikali alichukua sinia lake akaenda nalo jikoni, chakula kikiwa bado juu yake. Mwikali alikuwa ameinama anaangalia vidole vyake.

Nilikuja kuelezwa baadaye. Mwimbaji anamwambia mama mkwe: ulikuja na kiondo kimoja wakati wa kupanda kunde, sasa kunde tumezivuna na bado upo, sukari imekwisha, mimi nala kwa kujificha jikoni kwangu kama mwizi, na kila asubuhi basi linapita hapa likipiga honi, je, mama, husikii? Ule mlio wa magitaa ndio honi yenyewe. Inapigwa mara nne katika wimbo ule, na mara zote nne niliwaambia ni vigelegele.

Baada tu ya honi ya nne mlango wa chumba ulifunguliwa. Susu alitoka ameshikilia ukuta, jicho moja limefungwa, jingine halioni vizuri, leso mabegani, kiondo mkononi, uso ameugeuzia ukutani asimtazame mkwe wake. Mzee Nzioka naye aligeukia dirishani upesi. Susu akasema maneno machache kwa sauti ya chini.

Mwikali ndiye aliyezima redio. "Anauliza basi la Kitui linaondoka saa ngapi," akaniambia mimi.

Nikaanza kubabaika, nilidhani hivi, nilidhani vile. Mwikali akanikata. "Mwambie yeye ulichodhani. Mimi nitatafsiri."

Basi nikasema, mbele ya mtu aliyekuwa akiniangalia miezi yote ile, kwamba sijui Kikamba, kwamba katika wimbo mzima nilielewa neno moja, na kwamba niliwadanganya wote. Mwikali akatafsiri bila kuniongezea wala kunipunguzia. Susu akasikiliza, akajibu kwa upole.

"Anauliza, kama hukuelewa, kwa nini ulimtumia?"

Nina shahada mbili sasa na jibu bado sina.

Ndipo Mzee Nzioka alipofanya jambo ambalo sikuelewa uzito wake mpaka baadaye. Huku bado ameelekea dirishani, alimsemesha mama mkwe wake. Alisema polepole, kwa muda, akaanza na lile neno nililolijua, mwaitu. Mwikali hakunitafsiria. Alipomaliza, Susu akarudi chumbani akipapasa ukuta. Mzee alikuwa amemsihi asiondoke mpaka bandeji ifunguliwe. Katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kumwelekezea mama yule hata neno moja, na mimi ndiye niliyemlazimisha kuvunja mwiko huo ili afute maneno yangu.

Kwangu mimi alisema sentensi moja tu, nilipokuwa nafunga kamba za viatu: "Waambie wazee wako wasijisumbue na safari mwezi ujao."

Jericho nikakuta kikundi kizima cha salamu kimenisubiri langoni, kwa kuwa miongoni mwao walikuwamo Wakamba wawili, na kuanzia siku ile jina la Profesa lilikufa nikaitwa Mpe Jembe. Wauzaji wa Kariokor waliniita hivyo, na wanafunzi wangu waliandika hivyo ubaoni. Hilo nilistahili na lilipita.

Wazee wangu walikuja kukaribishwa baada ya mwaka na nusu, na Mwikali alinioa (nasema alinioa kwa makusudi, kwa kuwa uamuzi ulikuwa wake peke yake). Lililobaki ni la Susu. Alikaa siku tisa nyingine, bandeji ikafunguliwa, jicho likaona, akarudi Kitui. Daktari alikuwa amempangia kurudi kwa jicho la pili. Walimsihi kama mwanzo, na zaidi ya mwanzo, mimi mwenyewe nikaenda hadi kwake kumwomba, akanipokea vizuri, akanipa uji, akasema jicho moja linamtosha. Hakuja tena Nairobi. Alikufa na jicho moja.

Bado napenda muziki, na watu bado huniuliza wasikilize nani. Huwataja ninaowaelewa, wachache. Wale wengine, wanaonisisimua kwa lugha nisizozijua, nawasikiliza peke yangu, sauti chini, mlango umefungwa, na ukibisha hodi ukaniuliza anaimba nini, nitakuambia sijui.