Chai Ndani ya Kanda

Shule niliiacha mapema, lakini mambo ya waya nayajua. Ndiyo maana Mama Wambui wa Majengo aliniita ninase kwenye kanda muziki wa kinanda uliokuwa ndani ya kompyuta yake, ili bintiye aingie nao kanisani kesho yake, siku ya harusi.

Nilipomaliza kunasa na kuicheza, kanda ikavuma kama mvua kwenye mabati. Nikabadilisha waya, nikasafisha redio kaseti kwa spiriti, bado.

"Mama, kompyuta ndiyo mbovu," nikatangaza.

"Hebu cheza tena."

Katikati ya kinanda ikasikika sauti yake: "Fundi, kunywa chai." Kisha mimi, nikifyonza chai.

Nikachungulia. Waya wa kompyuta nilikuwa nimeuchomeka kwenye tundu la hedifoni la redio, si lile la kuingizia sauti. Maikrofoni ya redio ilikuwa ikirekodi chumba kizima, pamoja na kinanda kilichotoka kwenye spika za kompyuta.

"Ati kompyuta?" akacheka. "Na mimi niliingiaje kwa hiyo waya?"