Sauti ya Getini

Ofisini walimwita Mchoraji, ingawa ilikuwa miaka mingi tangu ashike kalamu ya rangi. Kazi yake ilikuwa kuchora sura za programu za simu: kitufe kikae wapi, maandishi yawe makubwa kiasi gani, mtu akigusa hapa apelekwe wapi. Alikuwa mama wa mapacha, mke wa mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache na vicheko vya chinichini. Wenzake walimpendea jambo moja. Kabla hajachora chochote, alikuwa akifumba macho na kujaribu kumwona mtu atakayeshika simu ile, kama ana miwani, kama mikono yake ina unga au sabuni, kama ana haraka.

Mwaka ule ofisi yao ilikuwa imeegemeza matumaini yake yote kwenye wazo moja la bosi. Ilikuwa programu itakayoitwa Palepale. Unavaa hedifoni, unatembea mtaani, na ukifika mahali fulani simu inatambua kwamba umefika. Hapo inaanza kukusimulia sauti ya mtu aliyewahi kuishi au kufanya kazi mahali hapo, anakueleza lililomtokea palepale uliposimama. Wafadhili walilipenda wazo, ila hawakutaka kuuziwa maneno matupu. Walitaka kwanza mfano wa majaribio, wa mtaa mmoja tu, waone watu wa kawaida wataupokeaje.

Mtaa waliuchagua bila shida: ule uliopita mbele ya kiwanda cha zamani cha sabuni, kilichofungwa siku nyingi, geti lake la chuma likiwa limeshika kutu. Shida ilikuwa sauti. Kuwatafuta wazee, kukaa nao, kuwarekodi na kuomba ruhusa zao ilikuwa kazi ya miezi, nao hawakuwa na miezi. Bosi akasema kwa mfano tu watunge kumbukumbu wenyewe, za kweli zitakuja baadaye. Alifananisha na lile sanamu la dukani linalovalishwa gauni. Hakuna anayelilaumu kwa kukosa roho.

Kutunga akapewa Mchoraji, kwa kuwa ndiye aliyezoea kuandika maneno ya kwenye vitufe. Akakaa dirishani, chai ikipoa pembeni, akafumba macho kama kawaida yake. Akamwona msichana anampelekea baba yake chakula getini, nyuma yake anafuatwa na mdogo wake. Akawavisha jozi moja ya viatu, mkubwa cha kulia, mdogo cha kushoto, kwa sababu aliona itachekesha kidogo kabla ya kuhuzunisha. Halafu akamfanya yule mkubwa aseme: "Nilimwacha mdogo wangu hapa getini. Nikamwambia nitarudi kabla king'ora hakijalia. Sikurudi. Mpaka leo sijui alinisubiri mpaka saa ngapi." Alipomaliza aliisoma mara moja, akaridhika, akainywa ile chai ikiwa baridi.

Sauti aliitoa mpokezi wao, msichana mchangamfu aliyewahi kuigiza shuleni na aliyejua kujizeesha koo. Fundi sauti alimrekodi kwenye chumba kidogo chenye magodoro yaliyoegemezwa ukutani. Bosi akampiga Mchoraji begani, akamwambia ameua.

Siku ya majaribio waliwaalika watu wa mtaani wenyewe: muuza magazeti, kijana wa pikipiki, na mama mmoja mshonaji aliyekuwa na kibanda chake jirani na kiwanda. Bosi alikuwa ameonya wasiambiwe kwamba kumbukumbu ni za kutunga, maana wangeanza kusikiliza kama wakaguzi. Fundi sauti aliwafuata na kamera. Mchoraji alitembea kando yao akiandika walipokwama: hapa amebonyeza mara mbili, hapa hakuona mshale.

Mshonaji alifika getini, simu ikamtambua, akaanza kusikiliza. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mwendo wa taratibu, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Mwanzo alitabasamu. Halafu tabasamu likabaki usoni kama kitu kilichosahaulika. Akashika chuma cha geti. Sauti ilipokwisha, alivua hedifoni, akafuta macho kwa kiganja, akamgeukia Mchoraji kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

"Mwanangu, huyu dada yangu mmempata wapi?"

Mchoraji hakuelewa mara moja. Ndipo mshonaji akamweleza, pale pale, kwa sauti ya mtu anayeogopa kukatizwa. Baba yao alifanya kazi kiwandani. Yeye na dada yake walikuwa na jozi moja ya viatu kwa muda mrefu. Dada alikosana na baba, akamwacha yeye getini na bakuli la chakula mkononi, akamwambia subiri. Hakuonekana tena. Wengine walisema alivuka mpaka, wengine walisema amekufa. Na huyu hapa, amezeeka, koo limebadilika, lakini ni yeye. Nani mwingine angejua mambo ya viatu?

Nyuma yao bosi alikuwa akitazama, na kamera ilikuwa inarekodi. Maneno ya kweli yalikuwa machache tu, nayo yalifika mpaka kwenye meno ya Mchoraji. Akasema, "Nitakuulizia, mama."

Alijiambia kwamba alitaka tu kumpa nafasi ya kutulia, amweleze vizuri pembeni, kamera ikizimwa. Lakini kamera ilipozimwa mshonaji alikuwa amemshika mikono yote miwili, anamwombea heri yeye na watoto wake. Watu huaga, na wao wakaagana.

Nyumbani alimsimulia mumewe. Mwalimu aliweka chini madaftari ya wanafunzi, akamwambia jambo hilo ni jepesi leo na litakuwa zito wiki ijayo, aende akamwambie. Akasema kesho. Kesho yake kulikuwa na kikao, na siku iliyofuata mapacha walikuwa na homa. Baada ya hapo kila alipoamua kwenda alikuta ana jambo jingine la kueleza: si tena kwamba kumbukumbu ni ya kutunga tu, bali pia kwa nini amekaa kimya siku zote hizo. Mumewe akaacha kumuuliza. Hilo lilimchoma kuliko kuulizwa.

Mshonaji akaja mwenyewe ofisini. Mpokezi alipoinua uso na kumwona, akamtambua kwa picha za kamera ya siku ya majaribio, akagundua kwamba hawezi kufungua mdomo. Je, sauti ikimtoka na mama akaitambua? Akajishika koo, akakohoa, akaonyesha kwa mikono kwamba amepatwa na mafua makali. Mshonaji akamhurumia, akamwelekeza anywe maji ya moto yenye limau, tena asikae kwenye upepo. Mpokezi akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlenga, kisha akakimbilia chooni. Siku nyingine watu wangecheka jambo hilo mwaka mzima. Hakuna aliyecheka.

Mchoraji alimkuta mgeni ameketi, ameshika picha iliyofifia ya wasichana wawili. Alikuwa ameileta ili imsaidie kutafuta. Mchoraji aliipokea. Alisema bado wanafuatilia, na akashangaa jinsi uongo wa pili ulivyotoka bila kukwaruza popote.

"Sikuharakishi," mshonaji akamwambia. "Nimesubiri hivi tangu utotoni, sitakufa kwa wiki mbili. Ila pita kwangu nikupime. Nataka nikushonee gauni."

Alikwenda, na alikwenda akiwa amekusudia kusema. Alikuwa ameyapanga maneno njiani kama mtoto anayetumwa dukani. Kibanda cha mshonaji kilikuwa na chumba cha mbele na cha nyuma. Mbele cherehani na vitambaa, nyuma anapolala. Siku hiyo cherehani ya pili ilikuwa imesogezwa mlangoni, na chumba cha nyuma kilikuwa na vitanda viwili. Kimoja kilikuwa kipya, godoro lake likiwa bado kwenye nailoni.

"Kaa hapo ulijaribu godoro," mshonaji alisema. "Mimi mzito, siwezi kujua kama litamfaa mtu mwembamba. Dada alikuwa mwembamba."

Mchoraji akakaa. Nailoni ikalia chini yake. Akasema ni zuri, halitamuumiza mgongo. Halafu akasimamishwa katikati ya chumba, futi ikazungushwa kifuani, kiunoni, begani hadi kiwikoni. Mikono ya mama yule ilikuwa mepesi na ilinukia chaki. Mchoraji alikuwa amebana pumzi bila kujua.

"Pumua, mwanangu, nisije nikakushonea la kukubana."

Akapumua. Akaondoka bila kusema.

Gauni lilikuja ofisini likiwa limekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa karatasi, la kijani, lenye mifuko miwili kwa sababu mshonaji alikuwa ameona anavyohangaika na simu na kalamu. Lilimkaa kama ngozi. Alilijaribu mara moja mbele ya kioo cha nyumbani, akalivua, akalitundika nyuma ya kabati mahali ambapo watoto wasingeuliza.

Kilichomsukuma mwishowe hakikuwa ujasiri. Bosi aliwaita kuwaonyesha filamu atakayowaonyesha wafadhili, na filamu ilianza na uso wa mshonaji pale getini: tabasamu linavyokwama, mkono unavyotafuta chuma, machozi. Bosi alisema hakuna hotuba inayoweza kuishinda sura ile. Mchoraji akaomba iondolewe. Bosi akauliza kwa nini, na aliposikia yote, pamoja na kitanda, alizima filamu. Hakuwa mtu mbaya. Akasema kosa la kuficha kwamba ni mfano lilikuwa lake, na hilo atalibeba. "Lakini kumwambia utamuulizia," akasema, "hilo sikukutuma."

Mchoraji akakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi iliyofuata alikwenda moja kwa moja kibandani, picha ya wasichana wawili ikiwa kwenye mkoba. Mshonaji alikuwa anashona pindo la shuka. Mchoraji hakukaa. Aliyasema yote akiwa amesimama: kwamba hakuna dada aliyerekodiwa, kwamba maneno aliyaandika yeye mwenyewe ofisini, na kwamba alilijua hilo tangu pale getini.

Cherehani iliendelea kidogo, kisha ikasimama.

"Na viatu?"

"Nilivibuni, mama."

"Na king'ora?"

"Nilifikiri kila kiwanda kina king'ora."

Mshonaji alikata uzi kwa meno. Akauliza sauti ni ya nani. Mchoraji akamwambia ni ya mpokezi. Mama akafikiri, akasema polepole, "Yule mwenye mafua," na uso wake ukaonyesha kwamba hilo limemuumiza kwa namna yake, akikumbuka limau alilomshauri.

Mchoraji akaanza kuomba msamaha. Mshonaji akainua mkono.

"Ungeniambia siku ile ile, ningelia, ningerudi kwenye kazi yangu. Mimi nimezoea kumlilia dada. Lakini wewe ulikaa juu ya kitanda chake, dada. Ukaniambia ni kizuri."

Alisema "dada" kama anavyoitwa mteja yeyote asiyejulikana jina. Ile "mwanangu" ilikuwa imekwisha. Akanyoosha mkono, akapewa picha yake, akaiweka chini ya mkasi isipeperuke, akaendelea na pindo. Mchoraji alisimama mpaka akaona kusimama kwake nako ni kumlazimisha mwenye nyumba, akatoka.

Kwenye kikao na wafadhili filamu ilionyeshwa bila uso ule. Mmoja wao akauliza kama kuna msikilizaji aliyeguswa sana. Bosi akamtazama Mchoraji, na Mchoraji akasimama akaeleza. Hakujipamba wala hakujitukana. Wafadhili walinong'onezana, kisha wakasema watasubiri hiyo miezi iliyokwepwa: kila sauti iwe ya mtu aliyepo, na kila msikilizaji aambiwe anasikia nini. Mradi haukufa. Watu walimpongeza kwa ukweli wake, naye pongezi zilimkaa vibaya, kama sifa zilizotumwa kwa mtu mwingine zikaletwa mlangoni kwake.

Gauni alilirudisha kibandani likiwa safi, limepigwa pasi. Mshonaji alilitazama, akamwambia alichukue tu, limekatwa kwa mwili wake na halitamfaa mtu mwingine. Haikuwa huruma. Ilikuwa kauli ya fundi kuhusu kitambaa.

Miezi ilipita, fundi sauti akizunguka mtaani na kinasa sauti chake, akirekodi wenyeji, muuza magazeti akiwa mmoja wao. Siku moja alirudi akamwambia Mchoraji kwamba mshonaji amekubali kurekodiwa. Aliombwa na nani? Hakuombwa na mtu. Amemsimamisha fundi njiani, akasema kama geti lile litasimulia habari za wasichana wawili, basi lisimulie kwa mdomo wa aliyekuwepo, na huenda yuko mtu mahali fulani anayetembea na simu. Alitoa sharti moja: yule dada wa ofisini asiwepo.

Kwa hiyo Mchoraji hakuwepo. Walirekodi getini kwenyewe, magari yakipita, na fundi alisema kazi imetoka safi. Alimpa hedifoni zake asikilize. Mchoraji akazirudisha. Akauliza tu kichwa cha habari kiandikweje, maana alipaswa kuchora ukurasa wake. Fundi akasema mama ametaka iandikwe: "Mimi ndiye niliyebaki."

Akaandika. Akaweka kitufe cha kusikiliza chini yake, akakisogeza kidogo kushoto, akakirudisha katikati, akahakikisha ni kikubwa vya kutosha kwa mtu mwenye macho ya uzeeni. Hakukibonyeza. Akahifadhi kazi yake, akafungua ukurasa wa muuza magazeti.