Mlango wa Pua Ndefu

Mwanangu, zima mashine kidogo, vua hiyo miwani, njoo uketi hapa kwenye tairi. Nimekuona unavyoangalia jua, kisha huo mlango unaouchomelea, kisha simu, kisha jua tena. Mwenye lori anakutumia ujumbe kutoka Nairobi akitaka picha, leo ni Ijumaa, na mkono unakuwasha. Naujua huo muwasho. Kuna Ijumaa moja ninayoikumbuka mpaka leo, nikiwa msichana wa umri wako, hapa hapa Mosocho, na nikikuficha nitakuwa nimekunyima urithi wako.

Usione nywele zangu zimekuwa nyeupe ukadhani nilizaliwa nimekaa kitini. Mimi Kemunto nilikuwa moto. Mjomba wangu Ogeto, ndugu ya mama, ndiye aliyenifundisha kuchomelea, na watu walipomjia kumwambia kwamba kazi hiyo itaharibu macho ya msichana, aliwajibu kwamba hata macho ya mvulana hayauzwi dukani. Alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, mtu wa maneno machache, tena mkali. Lakini umletee bati bovu, bovu kabisa, uone alivyochangamka.

Basi tukaletewa lori dogo kutoka Gesima, limevutwa na trekta. Lori la kizamani, boneti refu, taa za mviringo, madigadi ya magurudumu yamevimba mashavu. Watu wa huko walikuwa wamelibatiza Pua Ndefu. Lilikuwa limesimama nyuma ya nyumba miaka na miaka, mpaka mmea wa maboga ukapita sakafuni ukatokea dirishani. Mjomba alilizunguka, akaligonga kwa kidole hapa na pale, akacheka peke yake. Nilijua tutalikata, tutalishona, tutalifufua.

Mwenyewe alikuwa Mzee Nyakundi. Alikuwa amebeba ndizi na chai ya watu kwa lori hilo ujana wake wote, mpaka macho yakafifia, yakazima. Tangu hapo hakutoka nje ya boma lake. Hakutaka watu wamwone akiongozwa kwa mkono barabarani, yeye aliyekuwa akiwapungia kutoka juu. Sasa binti yake Moraa alikuwa anaolewa Nyamache, siku ya Jumapili, na mzee alikuwa ametamka neno moja tu: nitatoka hapa ndani ya lori langu, la sivyo mnisalimie bwana harusi. Nawe watujua sisi. Mzee wa Kigusii akishasema hivyo mbele ya watoto na wajukuu, hata askofu hamwondoi hapo.

Moraa alikuja mwenyewe kwa Mjomba. Hakulia, hakubembeleza. Alisema, "Baba yangu asipokuja, nitaolewa, lakini sitafurahi." Mjomba akamwambia aende akashone gauni, lori atuachie sisi.

Mwanangu, tulifanya kazi! Hatukulirudisha tu lilivyokuwa. Tulirefusha kibanda cha mbele ili baba na binti wakae bila kukunja gauni. Tuliteremsha ngazi ya mlangoni iwe karibu na ardhi, mguu wa mzee uifikie bila kutafuta. Madigadi tuliyapiga upya juu ya gunia la mchanga, nyundo juu ya nyundo, mpaka bati bapa likakubali kuwa shavu. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, ndivyo wasemavyo, na mimi niliyaona kwa macho yangu. Nilikuwa nakula haraka ili nirudi. Nilikuwa namaliza sala kabla ya wenzangu kufika katikati. Tukalipaka rangi ya kijani ya majani ya chai yaliyonyeshewa, na likabaki jambo moja tu, mlango wa abiria, upande ambao mzee angeingilia.

Nusu ya chini ya mlango ule ilikuwa imeliwa na kutu. Tuliikata, tukapima bati jipya likakaa sawasawa, na ikabaki kulichomelea kwa mstari mmoja mrefu, kutoka bawaba hadi upande wa kitasa. Ijumaa hiyo mchana Mjomba alikwenda Kisii mjini kutafuta mpira wa kioo cha mbele. Kabla hajaondoka alinionyesha kwa kidole. "Doa moja la moto hapa. La pili kule mwisho. La tatu katikati. Kisha weka mkono. Bati likikuunguza, ngoja. Lisipokuunguza, endelea. Usinivute mstari kwa mkupuo mmoja."

Nikamwitikia vizuri, kama wewe unavyoniitikia.

Nikaanza hivyo hivyo alivyosema. Doa hapa, doa kule, naweka mkono, naungua, nangoja. Na huku jua linashuka. Unajua Ijumaa ya nyumba za Sabato ilivyo: jua likiingia, chombo hakishikwi, moto hauwashwi, biashara haitajwi. Mawingu ya jioni nayo yalikuwa yanakuja, kwa hiyo sikuweza hata kujua jua lenyewe limefika wapi. Nikawaza, kesho ni Sabato, kesho kutwa asubuhi ni fila ya kusawazisha bati, na rangi, mchana ni harusi. Hapo kungoja kote nikakuona ni uvivu. Nikasema, Kemunto, wewe fundi bwana. Nikashika gesi, nikavuta mstari kutoka bawaba hadi kitasa bila kuinua mkono.

Nisikudanganye, ilikuwa tamu. Moto uliimba. Chuma kilifuata ncha yangu kilaini, mstari ukatoka umenyooka, nikajisifu kwa sauti. Sikungoja upoe, nikarukia grenda kuusaga mshono, cheche zikaruka mpaka barabarani, waliokuwa wakipita wakanishangilia, nami nikazidisha. Nilipomaliza nikapitisha kiganja kwa madaha.

Bati likasema po. Nikabonyeza tena, likaingia ndani. Nikaachia, likarudi nje. Po, po, kama kifuniko cha debe la mafuta. Joto lilikuwa limelivuta na kulisukuma mpaka likapoteza msimamo, na mlango mzima ulikuwa umejaa mawimbi.

Mjomba alifika wakati huo huo, mpira wa kioo begani. Alibonyeza mlango kwa dole gumba, akausikia, akaweka mpira chini.

"Zima gesi, Kemunto."

"Mjomba, tupake fila nene tufunike. Mwenyewe hata haoni."

"Kweli haoni," akasema. "Ndiyo maana atashika."

Nikamwambia basi tulinyooshe sasa hivi, bado kuna mwanga. Akasema jua limeingia. Hapo nikapandwa na hasira, nikamuuliza kama kweli Mzee Nyakundi atakosa harusi ya mtoto wake kwa sababu ya Sabato. Usimwambie mjomba wako maneno kama hayo, mwanangu, mimi nilikuwa sina adabu siku hiyo.

"Sabato haikuharibu mlango," akasema. "Wewe ndiye uliyeshindana nayo mbio. Nilikuambia bati lipumzike, ukaona pumziko ni adui. Mungu mwenyewe alipumzika, na hakuwa amechoka. Wewe na hilo bati ni nani?" Kisha akafunika mitungi ya gesi kwa turubai, akaenda kuoga.

Kesho yake kanisani sikusikia mahubiri. Kila mzee akikohoa mimi nasikia po. Baada ya chakula nikamkaribia Mjomba chini ya ukingo wa paa, nikaanza, "Mjomba, ule mlango..." Akasema habari za mlango ni za kesho. Nikaona nizunguke kwa nyuma. Nikamuuliza, "Nuhu alipokuwa akiunganisha mbao za safina, zikipinda kwa jua, alifanyaje?" Alicheka mpaka akashika mbavu. "Nuhu alijenga kabla mvua haijaanza," akasema. "Nenda ukalale." Na ajabu ni kwamba nililala. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu Pua Ndefu liletwe.

Jumapili tulikuwa karakana jogoo wakiwika. Mjomba akaupapasa mlango mzima macho amefumba, akiweka alama kwa chaki kila mahali bati lilipovimba. Kisha akanipa gesi. Nilidhani atafanya mwenyewe. Akasema, "Aliyefunga fundo ndiye alijuaye."

Kazi yenyewe ni hii, isikilize, kwa maana ipo siku utaihitaji. Unapasha sehemu ndogo, upana wa kizibo cha soda, mpaka iwe nyekundu. Mwenzako anaegemeza chuma kizito kwa ndani, wewe unagonga kwa nyundo taratibu kuizunguka, kisha unaweka kitambaa kilicholowa maji. Inalia, mvuke unapanda, na bati linajivuta lenyewe. Halafu hurukii iliyo jirani. Unakwenda mbali, upande wa pili, na unapomaliza huko unaweka mkono na kungoja. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Ya bati yanazoleka, ila yanataka utulivu wa mtu anayemlaza mtoto.

Na mimi nikatulia. Sijui ni ile Sabato au ni aibu. Jua lilikuwa linapanda, watu wa Gesima walikuwa wanangoja, na mimi nangoja bati lipoe. Kila alama ya chaki iliyofutika, mlio ulipungua. Mwishowe nikabonyeza, pakawa kimya. Nikabonyeza tena kwa nguvu, kimya. Mwanangu, nilimrukia Mjomba shingoni na glavu zangu chafu, na yule mzee wa kanisa akaanza kuruka nami pale pale kando ya barabara. Nikasugua mstari kwa grenda kidogo kidogo, kama mtu anayemenya ndizi ya mgeni, mpaka ukapotea.

Ila rangi ndiyo ikakosa nafasi. Fila ingetaka kukauka, rangi ingetaka kukauka, na harusi haikauki. Pua Ndefu likaondoka Mosocho la kijani kote, isipokuwa mlango mmoja uliobaki chuma kitupu, unang'aa. Niliketi nyuma, nimezishika mbavu za lori, natamani kulia. Moraa angeonekana kwenye picha zote karibu na mlango usio na nguo.

Boma la Mzee Nyakundi lilikuwa limejaa watu, na waliposikia injini wakanyamaza. Mzee alikuwa amesimama uani, suti nyeusi, fimbo mkononi. Alilijua lori lake kwa sauti. Akaachia bega la mjukuu, akaja peke yake mkono mbele, akaligusa boneti. Akapitisha kiganja polepole kwenye boneti, kwenye taa, kwenye shavu la digadi, na midomo yake ilikuwa ikisema maneno ambayo sikuyasikia. Kisha akafika mlangoni, na mkono ukasimama. Wanawake walioanza vigelegele wakavimeza.

"Mlango huu hauna rangi," akasema.

Mjomba alinitazama mimi. Nikasema, "Ndiyo, Mzee. Nilifanya haraka Ijumaa, bati likavimba. Muda wa rangi ndio uliotumika kulinyoosha."

Akaupapasa kutoka bawaba hadi kitasa, akarudi, akatafuta mshono asiupate. Akabonyeza kwa dole gumba, sehemu moja baada ya nyingine. Mlango ulinyamaza. Moraa alikuwa amesimama kizingitini na gauni lake jeupe.

"Rangi ni ya wenye macho," akasema yule mzee. "Mimi nimeletewa mlango. Mbuya mono." Ndiyo kusema vizuri sana.

Akaufungua mwenyewe, mguu ukaipata ngazi, akapanda bila mtu kumshika, akaufunga. Ulifungika kwa sauti moja nzito. Hapo ndipo vigelegele vilipolipuka, na Moraa akapanda huku analia na kucheka, na barabara nzima mpaka Nyamache wachuma chai walikuwa wanainuka mashambani kumpungia Mzee Nyakundi, naye akiwapungia mkono wake nje ya dirisha kwa kila sauti iliyomwita. Walimwita wengi.

Sasa nikuambie wazi, nisikuachie mafumbo. Kawia ufike. Moto ni mtamu, na mkono ukiwa na furaha hukimbia, nami sikukatazi furaha, kwa maana kazi isiyo na furaha haina mwenyewe. Lakini doa hapa, doa kule, kisha weka mkono. Kungoja bati lipoe ni kazi, siyo uvivu, na hata simu ya Nairobi haiwezi kulipoza. Ukikosea, sema umekosea, ulinyooshe, wala usizike kosa chini ya fila. Na jua likiingia leo, funika mitungi ukaoge. Mwenye lori atangoja mpaka Jumapili. Mimi nitampigia, ananiogopa.

Inuka sasa, tumia mwanga uliobaki kwa madoa yanayotosha. Mungu wa mjomba wangu akutulize mkono asikuzimie moto, na kazi utakazoacha duniani zipapaswe na wasioona, nao watabasamu.