Mbwa Kwenda Silibwet

Ujinga ulikuwa wangu. Mimi mwenyewe niliwaosha mbwa wetu wawili kwa sabuni ya kipande, ili wasiniaibishe kwa rafiki yangu aliyehamia Silibwet. Hadi leo nikifua soksi hapa nyumbani, mahali ambapo kunitoa ni kazi, harufu ya sabuni hiyo hunirudisha nyuma ya pikapu ya baba, mashamba ya chai yakipita, mbwa wawili waliolowa wamenilalia miguuni.

Rafiki yangu alitungoja langoni ameshika kamba. Hata hakunisalimia. Alimfunga yule mbwa mdogo, aliyezoea kulala mlangoni pangu, na mama yake akamkabidhi baba kuku mwekundu. Kwetu mbwa hauzwi, hubadilishwa kwa kuku.

"Baba, si ulisema tunaenda kutembea tu?"

"Kwani hatujatembea?"

Wakacheka wote, hata rafiki yangu.

Tukarudi na mbwa mmoja na kuku mmoja, ambaye alininyea kiatu. Jirani yetu, mama aliyekuwa akichuma chai kando ya barabara, aliniona nikilia.

"Nyamaza, wewe. Sisi wote tulijua. Tungekuambia, nani angempandisha huyo mbwa kwa gari?"